Aliye Juu ya Mkarafuu Haitwi Jina

Kila nikipita ofisini kuwasalimia, nyinyi vijana hunitania kwa tabia yangu moja. Mnasema Bi Raya magoti yalikuwa yakimuuma lakini hakukubali kuita watu kutoka dirishani. Kila mteja alimfuata mwenyewe mpaka kwenye benchi, akamtazama usoni, ndipo akamwambia aingie. Zuhura, wewe uliyekalia kiti changu, umeniomba niandike sababu yake, pamoja na mambo mengine ambayo mashine mpya ya kuchukulia vidole haitakufundisheni. Haya, naandika. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa havimo humu, maana tangu nistaafu havijanisaidia hata kumenya muhogo.

Nilianza kazi hapo Chake Chake nikiwa msichana, nimetoka kwetu Mgogoni na viatu vya kuazima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uani, na huko uani ndiko liliko lile benchi mnalolijua. Kazi yetu ilikuwa kuchukua alama za vidole za watu wanaoomba cheti cha tabia njema: anayekwenda kufanya kazi Uarabuni, anayetafuta ulinzi wa hoteli, anayeolewa na mtu wa nje. Aliyenipokea ni Mzee Vuai, koplo wa zamani mwenye mabega membamba na hasira za karibu. Alinipa rola, kipande cha kioo na wino, akaniambia nijichukue vidole vyangu mwenyewe. Nilijipaka mpaka shavuni. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza kama nimeajiriwa gereji.

Mzee Vuai hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili. "Kidole hakisukumwi," aliniambia. "Unakibingirisha, ukucha kwa ukucha, mara moja, wala hurudi." Jambo la pili alilonifundisha ni kumwambia mteja asinisaidie. Mtu ukimshika mkono hutaka kukusaidia, anaupeleka mwenyewe mbele, na alama inachafuka. Mwenye hofu ndiye anayesaidia zaidi kuliko wote. Kwa hiyo kazi yangu ya miaka yote ile ilikuwa ni kuwaambia watu wazima walegeze mikono. Masheha, walimu, bwana mmoja aliyejisifu kuwa haogopi kitu, wote niliwabembeleza kama watoto wanaokatwa kucha.

Wavuvi wa Kojani walifika mikono imelika kwa mishipi na kamba, mistari ya vidole haionekani kabisa. Hao niliwawekea beseni la maji ya vuguvugu, wakaloweka huku tunazungumza, kisha nikawafuta kwa spiriti. Wachumaji karafuu ndio walionichosha. Msimu ukiingia vidole vyao huwa vya kahawia kwa utomvu, wino unateleza tu juu. Dawa yake ni ndimu na sabuni ya unga, na subira. Nasikia mashine yenu nayo inawakataa watu hao hao, basi lile beseni msilitupe.

Sasa nikuelezeni kuhusu Bi Time. Nilimkuta ameshaanza kuja kabla sijaajiriwa. Mwanamke wa makamo, wa upande wetu wa Mgogoni, kila siku ya soko akishauza ndizi zake alikuja kukaa kwenye benchi letu mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuwa na shida ya cheti. Kabla ya kuondoka alisogea dirishani, akauliza kwa adabu, "Wangu hajapita?" Na Mzee Vuai, ambaye hakumwonea haya mtu yeyote, aliinamisha kichwa na kumjibu, "Bado, Bi Time." Mara ya kwanza nilipotaka kumjibu mimi, niseme hapana, mzee alinikanyaga mguu chini ya meza. Alipoondoka akaniambia, "Huyo hajibiwi hapana na mtu wa ofisi hii. Hujibiwa bado."

Habari yake niliijua, kama kila mtu wa kwetu anavyoijua, ingawa haizungumzwi. Nasi watu wa mashamba ya karafuu tunalo jambo moja ambalo mtoto hufundishwa kabla hajapanda mti wake wa kwanza: aliye juu ya mkarafuu haitwi jina. Ukimtaka, unagonga gogo, au unasema "ewe wa juu." Marehemu bibi yangu alisema jina likipanda juu peke yake hujui nani atalipokea. Ukicheka, cheka, lakini sijapata kumwona mtu wa kwetu akilijaribu.

Bi Time alikuwa na mtoto mmoja tu, Faki. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haijavunjika bado, na akisoma maulidi wanawake walisimamisha upishi kumsikiliza. Msimu mmoja alikwenda kuchuma na jirani yake aitwaye Hamad, kijana aliyemzidi umri kidogo, karibu kuwa mtu mzima. Faki alipanda, Hamad alibaki chini kuokota na kuchambua. Jua lilikuwa la saa sita. Hamad alirudi kijijini peke yake akikimbia, akasema Faki yuko juu ya mti lakini hayupo. Watu wakaenda. Pakacha lilikuwa limening'inia kwenye tawi, nusu limejaa. Majani chini hayakuvunjika, damu hakuna, na ule mti umesimama peke yake uwanjani, mtu hawezi kurukia mwingine. Walitafuta mpaka mabondeni na mpaka mikokoni.

Polisi walimchukua Hamad wakamweka ndani siku kadhaa. Nani asingefanya hivyo? Kila alipoulizwa alijibu neno lile lile: "Nimemwita akaitika, nikatazama juu hayupo." Hawakuwa na maiti, wala shahidi, wala sababu ya vijana wale kugombana. Wakamwachia bila kumshitaki. Familia zikakutana, ikasomwa halbadiri ili aliyemdhuru mtoto adhurike naye. Tukasubiri. Hakuna aliyeugua hata mafua. Hapo wazee wakaogopa zaidi kuliko mwanzo. Wakakaa wakaamua jambo hilo lifungwe, na jina la yule mtoto lifungwe pamoja nalo, lisitajwe kwa mdomo wala kwa mkono. Leo naliandika kwa ruhusa, mtaona. Wote wakala yamini, Hamad akiwa wa kwanza. Mama mtu naye aliapishwa, na nadhani hapo ndipo alipokosewa, maana mwanamke kunyang'anywa mtoto na jina lake kwa msimu mmoja si mchezo.

Ndiyo maana aliuliza "wangu" tu. Siku moja mvua ilitukalisha pamoja chini ya baraza, nikathubutu kumuuliza kwa nini anakuja kwetu na si kwa waganga kama wengine. Alisema kwa waganga alishakwenda mpaka wakamkimbia. "Mie nimefikiri hivi, Bi Raya," aliniambia. "Kila ntu akishakuwa mkubwa, akitaka kwenda pahala, lazima aje kwenu atie vidole. Kama wangu yupo popote, ipo siku atataka kwenda pahala." Aliniuliza tena kama vidole vya mtoto vinafanana na vya mama yake, nikamwambia havifanani na vya mtu yeyote duniani. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi atakuwa na tabu ya kunijua."

Mzee Vuai alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikarithi kiti, rola na lile jibu la bado. Bi Time akawa bibi mwenye bakora. Wino ukaanza kutoka kwenye kifurushi badala ya tyubu. Nikazoea kuwako kwake mpaka siku ya soko akichelewa nilikuwa natazama njiani.

Hamad alikuja Ijumaa moja, miaka ya karibuni tu, kabla ya nyinyi kuletwa. Sikumtambua. Mwanamume wa makamo, koti jepesi, viatu vya nchi ya baridi. Aliondoka Pemba mara tu baada ya jambo lile, akahamahama, mwisho akatulia Ulaya, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, ana mke na watoto wawili wanaosoma huko. Alipotaja jina la baba yake na la kijiji, ndipo nikamjua.

Alikuwa anaomba ukaazi wa kudumu. Nilimwomba mkono, nikamwambia asinisaidie. Alama ya kwanza ilichafuka. Ya pili pia. Nikabadilisha karatasi. Mkono ulikuwa mgumu wote, mpaka begani.

"Hamad," nilimwambia, "una nini?"

Akanieleza. Huko anakoishi kuna suali anatakiwa kulijibu: amewahi kukamatwa au kuwekwa ndani na polisi, popote, hata kama hakushitakiwa? Na akisema ndiyo, aeleze yote, nani na nini na wapi. Wenzake wa hapa nyumbani walimwambia ajibu hapana. Cheti cha ofisi yangu kitatoka safi, kwa kuwa hakuhukumiwa, nani atajua? Wakili wake wa kule alimwambia kinyume. Alimtajia mtu aliyeficha jambo dogo kuliko hilo, likaja kujulikana baadaye, akarudishwa kwao, watoto wakabaki na mama yao uwanja wa ndege.

"Weye wasemaje, Bi?" aliniuliza.

"Suali halikukuuliza kama umefungwa," nilimwambia. "Limekuuliza kama umekamatwa. Umekamatwa. Jibu ni ndiyo. Uwongo wa karatasi utakaa na wewe mpaka wajukuu."

"Hilo najua. Siogopi kusema nilikamatwa." Aliangalia vidole vyake vyeusi. "Naogopa kuandika jina. Nimekula yamini, Bi Raya. Kwa mdomo wala kwa mkono. Wazee walionifunga wote wamekufa, n'nani wa kunifungua? Nami nina watoto. Yule aliondoka kwa kuitwa tu."

Ilinipita kwanza, kisha ikarudi. Kwa kuitwa. "Ulimwitaje?" nilimuuliza.

Alikunja vidole vyake vyenye wino, na hapo nikaelewa. Kwa polisi alisema alimwita, na polisi wa watu, mgeni wa bara, hakuona neno kwenye kumwita mwenzio. Wazee nao hawakuuliza, labda kwa kuogopa jibu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza alimwita kwa gogo au kwa jina.

Na ni wakati ule ule niliposikia bakora uani. Ilikuwa Ijumaa, wala si siku ya soko. Sijui mpaka leo kilichomleta. Kivuli chake kikaja dirishani, na ile sauti ya adabu ikauliza, "Bi Raya, wangu hajapita?"

Hamad alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema bado, na ulimi ulikataa. Nilimtazama Hamad. Nikamwambia polepole kuwa ufunguo anaoutafuta umesimama pale nje, akitaka nitamwacha apite, akitaka nitamwingiza. Alifunika uso kwa mikono yake yenye wino. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Nikamwingiza Bi Time, nikampa kiti changu. Alimtazama Hamad kwa muda mrefu. Alama za wino zilikuwa usoni mwa Hamad, kwenye paji na mashavuni.

"Shikamoo, mama," Hamad alisema.

"Marahaba. Ushakuwa baba wa watu." Halafu, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Ulimwita jina?"

"Nilimwita jina. Nilikuwa na njaa, nikasahau. Nilitaka ashuke twende tukale."

"Mie nilikuwa n'kijua," alisema Bi Time. "Tangu siku ile. Ntoto wangu hakuwa na ujinga wa kwenda na ntu asiyemwita. Akaitika?"

"Akaitika. Naam. Kwa sauti yake ile nyembamba. Nikainua kichwa, tawi linatikisika, hapana ntu. Wallahi, mama, hapana aliyenisadiki."

Alilia hapo, mtu mzima, kwa sauti. Bi Time hakumgusa wala hakumkemea. Nikamweleza mimi, kwa maneno machache, habari ya ukaazi na lile suali, na ile yamini inayomzuia. Nilimwambia watoto wa Hamad wako kule na baba yao yuko huku hawezi kuandika. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea bakora.

"Kwa hiyo kuna watu Ulaya," alisema, "wanataka kujua habari za mwanangu?"

"Ndiyo, Bi."

"Wanataka na jina lake?"

"Na jina lake."

Nje watu walikuwa wameshakwenda kusali Ijumaa, bawabu ameshafunga geti la uani, uani hakuna mtu wala kuku. Nilisikia mfereji unadondoka kwenye beseni langu. Bi Time akasema, "Pano tulipo, mie ndiye niliyefungwa kuliko nyote. Na jina nililitoa mie, siku ya saba, kabla ya wazee hao. Nakufungua, Hamad. Kaandike. Lakini kwanza mwite."

"Mama, n'naogopa."

"Nawe si ulimwita ukiwa na njaa? Mwite vile vile. Mwambie ashuke."

Hamad alinitazama mimi, nami nikamtazama Bi Time. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, imelegea kabisa, kama nilivyokuwa nikiitaka asubuhi nzima. Akainua uso juu, kwenye dari yetu ya mabati, akaita.

"Faki! Faki ee! Shuka!"

Na mtu akaitika.

"Naam."

Ilitoka uani, upande wa benchi, karibu. Ilikuwa ni sauti ya mtu aliyeitwa akaitika, bila haraka, kama mteja anayesubiri zamu yake. Nilijiambia kuwa ni mteja. Majina ya Faki ni mengi Pemba, labda yupo aliyejibaraza uani. Nilitoka mbio na magoti yangu haya. Benchi lilikuwa tupu, jua limeliwakia lote. Geti limefungwa kwa ndani. Nililigusa benchi, sijui nilitaka nini, likaniunguza kiganja.

Niliporudi hakuna aliyeniuliza nimekuta nani. Bi Time alikuwa ameshasimama, anarekebisha ukaya wake kichwani. Alimwambia Hamad, "Andika lote, mwanangu. Uwaandikie jina lake na la baba yake." Akaaga, akatoka na bakora yake kupitia mlango wa nyuma unaotokea barabarani. Nikamchukua Hamad vidole vyake, vyote vikatoka kwa mara moja, safi, kila mstari unahesabika. Ni alama nzuri kuliko zote nilizopata kuchukua.

Maelezo yake tuliyaandika siku ile ile mezani kwangu. Mtu wa sheria angeyapamba. Yeye hakupamba. Aliandika kuwa alikamatwa, akawekwa ndani, akaachiwa. Aliandika jina zima. Na kwenye kisa chenyewe aliweka: nilimwita, aliitika, sikumwona tena. Nilimuuliza kama haogopi watamwona mwendawazimu. Akasema watoto wake wataishi na jibu hilo, basi liwe lile la kweli.

Wale wa kule walikaa nalo muda mrefu, wakamwita wakamhoji, mke wake hakulala, na mwisho wakampa ukaazi. Alinipigia simu anacheka na kulia. Kisha sauti ikashuka. "Bi Raya, naomba uniambie. Siku ile ulisikia?"

"Nilisikia," nilimwambia.

Alipumua kwenye simu kwa kirefu. Alisema alikuwa anasubiri tangu ujana wake mtu mwingine asikie.

Basi ndiyo sababu yangu, Zuhura. Mtokeeni mtu mpaka benchi, mtazameni usoni, mjue mnayemwita ndiye anayeitika. Mashine yenu inajua vidole tu.

Bi Time hakuja tena ofisini, hata siku moja. Siku za soko nilitazama njia, hatokei. Nilipostaafu nikasema nikamwangalie, pengine anaumwa. Nilimkuta Mgogoni amekaa kwenye mkeka, anachambua karafuu, makonyo upande huu na karafuu upande ule, uso umenenepa, wa mtu aliyelala vizuri. Tuliulizana hali za watu wote. Mwisho nikajikaza nikamuuliza kwa nini ametuacha, haulizi tena.

"Niulize nini, nami nishajibiwa?" alisema. Mikono yake haikusimama kuchambua. "Hukumsikia weye siku ile? Sauti ishakuwa nzito. Mwanangu kakua."